Msimpime mlevi wa bahari kwa robo saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mshauri wenu wa afya. Sina ugomvi naye. Ukurasa wake ndio ninaoufungua kwanza, kabla ya siasa na kabla ya mpira. Lakini wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayetaka kazi ya melini alimuuliza atajuaje kama bahari itamlevya. Akajibiwa kwamba siku hizi ziko mashine zinazoigiza mwendo wa bahari, na kwamba mtu akikaa humo robo saa bila kusikia kichefuchefu, ajihesabu amefaulu, tumbo lake ni la chuma.

Mimi nimekaa ndani ya mashine ya namna hiyo. Dakika ya 15 nilikuwa buheri wa afya, nahesabu skrubu za dari ili nisisinzie. Dakika ya 52 nilikuwa nimeukumbatia mfuko wa kutapikia kwa mikono miwili. Kwa kipimo cha mshauri wenu, basi, mimi nina tumbo la chuma.

Nimehudumia abiria melini miaka 19. Sijui kusoma ramani ya bahari na injini siifahamu zaidi ya mlio wake. Kazi yangu ni vikombe, mablanketi, watoto waliopotezana na mama zao, na mifuko. Mifuko ndiyo iliyonifanya nianze kuangalia saa. Ukiigawa mapema mno unawatia watu hofu, na wapo wanaochafukwa na moyo kwa kuuona mfuko tu. Ukichelewa, unashika ndoo na tambara. Kwa hiyo mwaka wangu wa tatu kazini nikaanza kuandika kwenye kidaftari cha mfukoni: saa tuliyong'oa nanga, bahari ilivyokuwa, na saa mfuko wa kwanza ulipoombwa. Sikuwa na nia ya utafiti. Nilitaka kuokoa mazulia.

Kidaftari kile kilinifundisha jambo ambalo sikulisikia kwa nahodha wala kwa daktari. Siku ya mawimbi makali mfuko wa kwanza huombwa mapema, hilo kila mtu angelikisia. Lakini kuna siku ambazo bahari imetulia machoni, haina povu, ni migongo mipana tu ya maji inayopita chini ya meli polepole kama mtu anayepumua usingizini. Saa ya kwanza abiria wanacheka, wanapigana picha. Saa ya pili zogo linapungua. Saa ya tatu wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na wengi wao ndio wale waliokuwa wakiwacheka wenzao asubuhi. Nilizoea kujua kwa kimya. Kabla mtu hajatapika ananyamaza, kisha anapiga miayo, kisha anameza mate mara kwa mara, kisha anafungua kifungo cha shingo ingawa ndani hakuna joto. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi siumwi, nimechoka tu." Nilimwachia mfuko mapajani. Alikuja kunishukuru bandarini.

Basi mwaka jana nilikuwa likizo ndefu kwa ajili ya goti, nikaona tangazo la watafiti wanaotafuta watu wa kujitolea kukaa kwenye kabini inayoigiza bahari. Nilikwenda kwa kiburi, nakiri. Nilisema moyoni hawa watachoka wao kabla yangu.

Kabini yenyewe ni sanduku lisilo na dirisha, ukubwa wa lifti ya hospitali. Ndani mna kiti chenye mkanda, taa nyeupe, kamera, kipaza sauti na kitufe chekundu cha kusimamishia. Inapanda na kushuka, basi. Haizunguki, hailali ubavu. Inapanda kama urefu wa mtu mzima, inashuka urefu ule ule, na mzunguko mmoja unachukua sekunde tano hivi. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Mle ndani nilikuwa namngoja mwenyewe, tumbo langu likinifuata nyuma kwa nusu sekunde.

Kila dakika sauti inauliza: "Namba?" Unajibu kutoka sifuri mpaka 10. Sifuri ni huna tatizo lolote. Moja ni kutojisikia sawasawa bila kujua kwa nini. Kuanzia mbili hadi tano ni zile dalili za pembeni, yaani kichwa kizito, joto, jasho, tumbo kujitambulisha, kutoka hafifu hadi kali. Sita ndipo kichefuchefu chenyewe kinapoanza, tisa ni kukokomoa bila kutoa kitu, na 10 mtajaza wenyewe. Mimi niliambiwa nikifika sita nitasimamishwa.

Dakika 20 za kwanza nilisema sifuri mpaka nikaona aibu kuwapotezea watu muda. Dakika ya 23 nilipiga mwayo. Nikajiambia ni uchovu wa njiani, sawasawa na yule mzee wangu. Dakika ya 31 shingo ikapata joto, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifungo. Hapo nilicheka, maana niliujua mkono ule. Nimeuona kwa mamia ya watu. Dakika ya 38, mate. Dakika ya 44 nilisema nne. Dakika tatu baadaye nilipaswa kusema tano nikasema nne tena, kwa sababu miaka 19 ya ubaharia ilikuwa inanitazama. Baadaye mtafiti aliniambia kwa upole kwamba kwenye kamera uso wangu ulikuwa umekwisha kubadilika rangi, na kwamba mabaharia ndio wanaodanganya kuliko wote. Kilichonishangaza ni mwendo wa zile namba. Kutoka sifuri hadi tatu nilipanda ngazi moja moja, tena kwa kujivuta. Kutoka nne hadi sita hapakuwa na ngazi, palikuwa na poromoko. Ningeulizwa dakika ya 50 ningesema naweza kuendelea nusu saa nyingine.

Nilipomuuliza yule mtafiti kwa nini mashine haiyumbi pembeni, maana kwetu melini tunalaumu mrama, aliniambia habari ambayo ningependa mshauri wenu aiandike siku moja. Miaka ya 1970 huko California, watafiti waliokuwa wakifanya kazi hii, O'Hanlon na McCauley wakiwa miongoni mwao, waliwapandisha na kuwashusha vijana wa kiume zaidi ya 300 kwenye kabini kama ile, kila kundi kwa mwendo wake, hadi saa mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974. Walikuta kwamba mwendo mbaya kuliko yote ni ule wa mzunguko mmoja katika sekunde tano au sita. Ukienda haraka sana kuliko hapo, mwili unalalamika kwa namna nyingine lakini hautapiki. Ukienda polepole mno, vilevile nafuu. Miaka miwili baadaye walichapisha majaribio ambamo waliongeza mrama na kuinua na kuinamisha omo, yaani mbele ya meli, juu ya ule mwendo wa kupanda na kushuka, na hawakuona ongezeko la maana la watu waliotapika. Mrama unatisha macho na unamwaga vikombe, lakini anayeleta mifuko hasa ni yule anayekuinua na kukuteremsha polepole. Nilikumbuka zile siku za migongo mipana ya maji, nikajiona mjinga kwa kuulaumu mrama miaka yote hiyo.

Sasa nije kwenye muda, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wapo watafiti wawili wa Uingereza, Lawther na Griffin, ambao miaka ya 1980 walifanya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko ya mashine, kwa sababu waliwauliza abiria. Walikusanya majibu ya abiria 20,029 katika vyombo tisa, huku wakipima mwendo wa chombo chenyewe. Asilimia 7 hivi walitapika. Asilimia 21 walisema wamejisikia vibaya kidogo, asilimia 4 waliugua hasa, na asilimia 4 nyingine walijiona katika hali mbaya kabisa. Kwa kuunganisha majibu ya namna hii na yale ya maabara, kulipatikana hesabu ambayo leo imo katika kanuni za kimataifa za upimaji wa mitikisiko, zile za ISO 2631-1 za mwaka 1997. Inahesabu mwendo kama dozi. Kama vile hatuulizi mtu amekunywa nini tu bali amekunywa kiasi gani na kwa muda gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mchapuko, yaani jinsi kasi ya kupanda na kushuka inavyobadilika. Uzidishe kwa wenyewe. Jumlisha sekunde kwa sekunde kwa safari yote. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Gawa kwa tatu. Umepata asilimia ya watu ambao yaelekea watatapika, kwa abiria mchanganyiko wasioizoea bahari. Kabini niliyokaa mimi mchapuko wake wa wastani ulikuwa karibu na mita 1 kwa sekunde kwa kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Kipeuo cha pili ni 60. Gawa kwa tatu, watu 20 katika 100. Saa nne ni sekunde 14,400. Kipeuo chake 120. Watu 40 katika 100. Mashine ni ile ile, kiti ni kile kile, wala mwendo haukuongezeka hata kidogo, lakini waliotapika ni mara mbili.

Angalieni pia kwamba muda umezidi mara nne ilhali wagonjwa wamezidi mara mbili tu. Saa ya kwanza inavuna watu wengi kuliko saa ya nne. Hilo nalo limo kwenye kidaftari changu, ila sikujua lina jina la hesabu.

Na robo saa? Kanuni zenyewe zinasema uhusiano huu umejengwa juu ya safari za kati ya dakika 20 na saa sita hivi. Kipimo cha mshauri wenu hakijafika hata mlangoni pa hesabu.

Kuna nahodha mmoja niliyefanya naye kazi, mtu mwema sana, ambaye kila abiria walipoanza kuugua alikuwa na dawa moja: kaza mwendo, tufike upesi, mateso yaishe. Nami nilimuunga mkono. Nani asiyetaka kufika? Baada ya kujua hesabu hii nilikaa nikaipigia safari zetu. Tuseme safari ya saa nne kwa mchapuko wa nusu mita. Dozi yake, yaani kile kipeuo kabla ya kugawa kwa tatu, ni 60, sawa na watu 20 katika 100. Sasa nahodha anakaza mwendo kukabili mawimbi, tunafika kwa saa mbili, lakini chombo kinachapwa maradufu, mchapuko umekuwa mita 1. Dozi ni karibu 85, yaani watu 28 katika 100. Tumepunguza nusu ya muda tukaongeza wagonjwa. Sababu ni kwamba mchapuko unazidishwa kwa wenyewe na muda hauzidishwi. Ukiongeza ukali mara mbili, ni sawa na kuongeza muda mara nne. Sisemi kila kukaza mwendo kunazidisha mchapuko maradufu, hilo linategemea chombo, mawimbi na upande yanakotokea, na nahodha anajua mengi nisiyoyajua. Nasema tu kwamba "tufike upesi" si dawa mpaka mtu apige hesabu.

Hesabu hii ina upungufu wake, na nisipousema nitakuwa nimefanya lile lile ninalomlaumia mwenzangu. Inahesabu kutapika peke yake, ilhali kutapika ni ukurasa wa mwisho wa kitabu. Abiria wanaotamani sakafu iwameze lakini hawatapiki, hesabu haiwaoni. Wapo pia wanaopatwa na usingizi mzito na uvivu wa kila kitu bila kichefuchefu chochote. Ashton Graybiel na mwenzake waliueleza usingizi huo mwaka 1976 kama sehemu ya ugonjwa huu, na mimi nimewafunika mablanketi watu hao miaka yote nikidhani wanapumzika. Tena hesabu haikujui wewe. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, watoto wa shule zaidi ya watu wazima, na kati ya mtu na mtu tofauti ni kubwa mno. Inasema watu wangapi, haisemi nani.

Hiyo "nani" ndiyo kijana wenu aliyoiuliza, na hapo ndipo pana utamu.

Baada ya ile dakika ya 52 nilitolewa, nikakaa kwenye kiti cha kawaida, nikapewa maji. Dakika kumi namba yangu ilikuwa mbili. Nusu saa ilikuwa sifuri, na ningeapa hivyo mahali popote. Wakaniomba nirudi ndani, mwendo ule ule. Nikafika sita dakika ya 19. Nilidhani wamekaza mashine. Hawakuigusa. Charles Oman, aliyefanya kazi MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitoa mwaka 1990 maelezo yanayokubalika mpaka leo: kwamba kichefuchefu kina njia mbili ndani ya mwili, moja ya haraka na nyingine ya polepole. Mwendo ukisimama, ile ya haraka inatulia na wewe unajiona mzima. Ile ya polepole bado imejaa, inangoja tone moja. Ndiyo maana abiria anayepata nafuu bandari ya kwanza, akala akashiba na kurudi ndani akitamba, huwa wa kwanza kunitafuta tukitoka tena. Mshauri wenu akipima watu robo saa, apumzishe, apime tena, atapata majibu mawili ya mtu mmoja.

Nilirudi siku iliyofuata, na ya tatu, na ya nne. Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, nusura niache. Siku ya tatu nilivumilia kwa muda wa saa moja na dakika tano. Siku ya nne nilikaa saa mbili zote, namba yangu ya juu ikiwa tatu, nikatoka humo na njaa. Ndivyo ilivyo pia baharini: wengi hutulia baada ya siku mbili tatu. Watafiti wa California nao waliliona hilo walipowarudisha watu wale wale siku mfululizo. Ila si wote. Charles Darwin alisafiri na meli ya Beagle kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836, na mpaka mwisho bahari ilikuwa bado inamlevya. Kwa hiyo kijana asipofaulu siku ya kwanza hajashindwa, na akifaulu siku ya kwanza hajashinda. Apimwe saa mbili, apimwe siku kadhaa mfululizo, na kinachotazamwa kiwe namna namba zake zinavyobadilika siku hadi siku.

Mtaniuliza basi miaka 19 yangu ilikwenda wapi. Nami niliuliza. Nikajibiwa kwamba mazoea ya bahari hayakai mwilini kama kovu. Nilikuwa nchi kavu wiki nyingi kwa ajili ya goti, yakapungua. Na pia nilichozoea si kile nilichopewa. Melini ninatembea, ninaegemea, ninaona upeo wa macho kila ninapopita dirishani, na miguu yangu inajua wimbi linakuja kabla kichwa hakijaambiwa. Kwenye sanduku nilifungwa kitini, macho yakiona kuta zimetulia tuli, na sikio la ndani likipiga kelele kwamba tunapanda. Ndani ya sikio hilo kuna vichembe vya chokaa vilivyokalia utando laini. Ukiinuliwa vinabaki nyuma kidogo, ubongo unajua umeinuliwa. Macho yanakanusha, sikio linashikilia, na ubongo unaotegemea waongee lugha moja unachafukwa. Maelezo hayo ya mgongano wa hisia ndiyo yenye wafuasi wengi, James Reason akiwa mmoja wa walioyaweka sawa miaka ya 1970. Wapo wanaosema la, shida ni mwili kushindwa kujiweka wima. Waachwe wabishane, ila hakuna anayebisha kwamba sikio la ndani lazima liwepo. Marekani waliwahi kuwachukua wanaume 11 viziwi wa chuo cha Gallaudet, ambao wengi wao walipoteza kusikia na mizani kwa pamoja, yaani ugonjwa wa utotoni uliwaondolea kusikia na pia ile hisia ya sikio la ndani, wakawapandisha feri kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia. Viziwi walicheza karata. Watafiti ndio waliotapika mpaka jaribio likasitishwa. Kila nikiikumbuka habari hiyo natamani ningekuwa mhudumu wa feri ile.

Jambo moja la vitendo, kisha ninyamaze. Ushauri wa robo saa una ndugu yake ambaye nakutana naye kila safari: abiria anayesema, "Dada, vidonge ninavyo, nangoja kwanza nione kama nitaumwa." Akisubiri mpaka aumwe, tumbo limekwisha kupunguza kazi ya kusukuma vitu mbele, kidonge kinakaa humo humo kama abiria aliyekosa gati, na mara nyingi kinarudi kilikotoka. Dawa hizi ni za kutangulia. Kile kiraka cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio, kwa mfano, huelekezwa kibandikwe angalau saa nne kabla, wala si cha kila mtu, mfamasia aulizwe. Kwa ambaye hana dawa: katikati ya meli, chini, ambako kupanda na kushuka ni kudogo kuliko omo au tezi, yaani nyuma ya meli, kichwa kiegemee kisichezecheze, macho kwenye upeo au yafumbwe kabisa, na simu iwekwe. Hayo yote hayaponyi. Yanapunguza dozi kwa kila dakika, na dakika ndizo zinazojumlishwa.

Kwa hiyo namwomba mshauri wenu amwandikie yule kijana tena, kabla hajaenda kujipima robo saa na kusaini mkataba wa miezi sita. Na kama mwenyewe anataka kujaribu, watafiti wale bado wanahitaji watu. Kiti kipo, mkanda upo, mfuko nitamshikia mimi, nimeshika mingi. Akifika dakika ya 15 na namba yake bado ni sifuri, asishuke.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mhudumu wa abiria melini